Cha Mjapani Kifuate Mgahawani, cha Mnorwei Kipike Mwenyewe

Kila nikirudi Tanga likizo, swali la kwanza barazani ni hilohilo: "Huko kwenu mnakula nini?" Nimekaa Bergen, magharibi mwa Norwei, miaka tisa sasa, na kabla ya hapo nilikaa Osaka miezi saba kwa mafunzo ya kazi. Jibu langu huwachekesha: chakula cha Kijapani nakila nikiwa nimeketi, mtu mwingine ndiye aliyeshika kisu; cha Skandinavia nakipika mwenyewe, nyumbani.

Nimejaribu kinyume chake, mara moja kila upande. Sushi niliyoifinyanga kwa mkono wangu ilifanana na kitumbua kilichokanyagwa. Na mlo "wa kiasili" niliouagiza kwenye mgahawa mmoja wa watalii ulikuwa na bei ya nusu ya mbuzi, viazi vinne, na mchuzi wa kijiko. Tangu hapo nimeshika mpaka wangu. Kisu cha samaki mbichi na wali wa sushi ni kazi ya miaka, tena mara nyingi mwanagenzi hupita kwanza kwenye kuosha vyombo na kupepea wali. Chakula cha nyumbani cha huku, ambacho Waswidi hukiita husmanskost, hakidai ufundi huo. Kinadai sufuria nzuri, muda, na mkono unaojizuia kutia viungo. Hapo kwenye kujizuia ndipo sisi watu wa pwani tunaposhindwa, nitafika huko.

Mgahawani: mambo ya kufanya kuanzia mlangoni

*1. Tambua umefika kwa nani.* Migahawa mingi Japani huuza kitu kimoja. Huyu ni wa tambi za soba, yule ni wa mishikaki ya kuku, yule wa samaki mkunga wa kuchoma. Ukiingia kwa muuza tambi ukamwomba sushi, ni sawa na kumwomba pilau muuza mihogo. Ukitaka vitu vingi vidogovidogo mezani, tafuta izakaya, mahali pa kunywa na kudonoa jioni. Pazia fupi la kitambaa likining'inia juu ya mlango, wamefungua, likiondolewa, wamefunga. Dirishani huenda ukaona sahani za chakula cha plastiki zilizotengenezwa kwa ustadi hata utelezi wa yai unauona. Usizione za kitoto. Ndizo menyu yako kama husomi Kijapani: mwite mhudumu, mwonyeshe kwa kidole.

*2. Ingia, usijibu.* Utapigiwa kelele "Irasshaimase!" na jiko zima. Ni karibu ya biashara, haihitaji jibu. Mimi siku ya kwanza nilijibu mmoja mmoja mpaka nikachoka. Onyesha kwa vidole mko wangapi, kisha subiri upangiwe kiti. Ukiona sakafu ya mikeka, vua viatu, kwa hiyo soksi zako ziwe nzima. Ukienda msalani kutakuwa na ndara za huko peke yake. Zivae, na uziache hukohuko. Kurudi nazo mezani ni aibu ambayo hata Mjapani mpole atashindwa kuificha.

*3. Kitambaa cha moto ni cha mikono.* Utaletewa kimekunjwa, kibichi, wakati mwingine kinafuka mvuke. Futa mikono, kikunje, kiweke kando. Uso na shingo viache.

*4. Agiza kwa akili ya mfuko.* Mlo wa mchana ndio ulio nafuu. Mgahawa uleule unaokukamua usiku huuza mchana seti iitwayo teishoku: wali, supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa), kitoweo kimoja, na kachumbari ya kuchachusha. Kibua wa kuchoma kwa chumvi tu, ngozi imeungua kidogo, na wali mweupe pembeni: nililia kidogo nilipokula mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa harufu ya Deep Sea, soko letu la samaki Tanga, jioni. Kama ni duka la ramen, tambi za mchuzi, huenda ukakuta mashine mlangoni. Tia pesa, bonyeza picha, chukua tiketi, mpe mpishi. Na ukiketi kwenye kaunta ya sushi ukasema "omakase", umemwachia mpishi akuchagulie. Ni raha kubwa, ila uliza bei kabla hujasema neno hilo.

Izakaya wana kitu kimoja kinachowaudhi wageni. Ukiketi tu, kibakuli kidogo kinawekwa mbele yako bila kuagiza. Kinaitwa otoshi, na kitatokea kwenye bili. Mimi nilibishana kwa ishara za mikono, nikidhani naibiwa. Sikuibiwa; ndiyo ada ya kiti. Wewe kula tu.

*5. Vijiti.* Hakuna atakayekucheka ukishindwa kuvishika, na ukiomba uma utaletewa. Makosa mawili tu ndiyo yanayoumiza watu. La kwanza, kuvichomeka wima kwenye bakuli la wali: hivyo ndivyo anavyowekewa maiti. La pili, kupokezana chakula kijiti kwa kijiti: baada ya kuchoma maiti, ndugu huokota mifupa kwa vijiti na kupokezana namna hiyo. Ukitaka kumwonjesha mwenzio, weka kwenye sahani yake. Mengine yote ni ya kusamehewa. Bakuli la wali linyanyue karibu na kinywa, supu inywe moja kwa moja kutoka kwenye bakuli lake, na tambi zivute kwa sauti. Nilivyochapwa na bibi kwa kufyonza uji, ilinichukua wiki kadhaa kukubali hili la mwisho. Kifuniko cha bakuli la supu kikigoma kufunguka, minya kingo za bakuli kidogo kwa vidole. Hewa itaingia na kitaachia.

*6. Sushi yenyewe.* Hapa nitakaa kidogo.

Kile kidonge cha wali chenye mnofu juu huitwa nigiri, na unaruhusiwa kukila kwa mkono. Kwetu sisi tuliokulia kwenye sinia hili ni jepesi: kishike kwa vidole vitatu, kigeuze, chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, tia kinywani chote kwa mara moja. Ukichovya wali, utanyonya chumvi yote na kusambaratika. Kwenye migahawa ya kaunta mpishi ameshaweka wasabi, kile kiungo cha kijani kinachowasha, katikati, kwa hiyo usiongeze mlima wako. Tangawizi ya siki, ile ya vipande vyembamba, huliwa baina ya samaki na samaki ili kusafisha ulimi. Haiwekwi juu kama kachumbari. Anza na samaki weupe na ngisi, malizia na wenye mafuta. Si sheria, ila ukianza na jodari wa tumboni, wote watakaofuata wataonekana maji.

Wali mweupe wa kawaida usiumwagie soya. Kwa Wajapani neno gohan ni wali na ndilo neno la mlo, na mimi naelewa, maana namjua mjomba aliyekula chapati nne na maharage akasema bado hajala.

Kwenye sushi ya kuzunguka, sahani hupita mbele yako kwenye mkanda. Sehemu nyingi rangi ya sahani ndiyo bei. Jenga mnara wako, mwishoni wataihesabu. Bomba jeusi mezani linatoa maji ya moto ya kutengenezea chai ya unga. Si la kunawia. Nimemwona mtu akijaribu.

Na ile karatasi nyeusi inayoviringishiwa wali ni mwani. Kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanalima mwani pia, lakini aina nyingine, inayosafirishwa kwa ajili ya viwanda vinavyoitumia kufanya vyakula na vipodozi viwe vizito. Usijaribu kuviringishia wali.

*7. Kama unafuata halali au huli nyama.* Uliza mapema, kwa sababu vilivyofichika ni vingi kuliko vinavyoonekana. Sosi nyingi zina mirin au sake, ambazo ni pombe ya mchele. Ramen ya mchuzi mzito mweupe mara nyingi ni mifupa ya nguruwe. Na karibu kila supu imeanzia kwenye dashi, mchuzi wa mwani mkubwa uitwao kombu na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa kama gogo, kisha akarandwa. Ndiyo maana "supu ya mboga" inaweza kuwa na samaki ndani. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda alichunguza mchuzi wa kombu akapata kile kinacholeta ladha ile isiyo tamu, chumvi, chachu wala chungu, akaiita umami. Bibi yangu aliipata kwenye papa mkavu bila maabara.

*8. Kulipa na kuondoka.* Bili hulipwa kwenye kaunta karibu na mlango, pesa unaiweka kwenye kisahani na si mkononi mwa mtu. Bakshishi usiache, watakukimbilia barabarani wakidhani umesahau chenji. Sema "gochisōsama", shukrani ya chakula, na sema kwa sauti ili jikoni wasikie.

Samaki aliyeunganisha meza hizi mbili

Watu wengi wakitajiwa sushi huona picha ya samoni, yule wa rangi ya chungwa. Basi Wajapani wa zamani hawakumla mbichi. Samoni wa bahari ya Pasifiki hubeba minyoo, kwa hiyo walimtia chumvi na kumchoma. Ni Wanorwei, waliokuwa na samoni wa kufugwa wengi kuliko walaji, ndio waliokwenda Tokyo katikati ya miaka ya 1980 na mradi wao wa Prosjekt Japan kuwashawishi wamle mbichi. Samoni wa kufugwa hula chakula cha kutengenezwa, si samaki wengine wa porini, na hapo hatari ya minyoo hupungua sana. Wapishi wa Kijapani walikataa kwanza: rangi si yake, harufu si yake. Ilichukua miaka. Leo mtoto wa Osaka anavuta sahani ya samoni kwenye mkanda bila kujua ina uraia wa nchi mbili.

Jikoni: mapishi matatu ya kuanzia

Usianze na yale ya kutishia wageni, samaki waliolowekwa magadi wala papa waliochachuka wa Aisilandi. Anza na hivi.

*Samoni wa kuzikwa (gravlaks).* Grav ni kaburi au shimo. Zamani wavuvi walimfukia samaki ardhini akiwa na chumvi. Leo kaburi ni friji. Chukua mnofu wa samoni wa kufugwa kilo moja, wenye ngozi. Kama huna uhakika alifugwa, mgandishe kwanza kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Changanya gramu 60 za chumvi, 60 za sukari, na pilipili manga nyeupe iliyopondwa. Msugue. Mfunike kwa shibiti mbichi nyingi, nyingi hasa, fungu zima la sokoni. Kata mnofu vipande viwili, vilaze nyama kwa nyama, vitie kwenye mfuko, weka ubao juu na kitu kizito, kisha friji siku mbili, ukigeuza asubuhi na jioni. Futa chumvi, mkate vipande vyembamba kwa mshazari, mle na mkate mweusi na sosi ya haradali.

Hapa siwezi kupuuza jambo moja: usijaribu hivi kwa sato wala sangara. Samaki wa ziwani na mtoni wasipikwe kwa chumvi na matumaini. Na mjamzito aache kabisa samaki wa namna hii.

*Tango la kubana la Kiswidi.* Hiki ndicho kitu cha kwanza utakachorudia kila wiki. Kipimo ambacho Waswidi hukijua kwa kichwa ni moja-mbili-tatu: siki moja, sukari mbili, maji tatu. Ila jihadhari. Siki yao ya hesabu hiyo ina ukali wa asilimia 12; siki yetu ya dukani ni asilimia 4 au 5. Ukifuata kipimo chao kwa siki yetu utapata sharubati ya tango. Mimi napima kwa kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono: siki viwili na nusu, sukari viwili, maji kimoja na nusu. Koroga mpaka sukari iyeyuke. Kata matango mawili membamba mpaka uone mwanga, nyunyiza chumvi, weka sahani nzito juu nusu saa, kamua maji, mimina siki. Yaache saa moja. Yanakaa vizuri na nyama yoyote yenye mafuta, na ukiyala na pilau hakuna polisi atakayekuja.

*Fårikål, kondoo na kabichi.* Hiki ndicho nilichokuwa nakungojea nikieleze. Mwaka 1972 wasikilizaji wa kipindi cha redio cha Nitimen walikipigia kura kuwa chakula cha taifa la Norwei. Mwaka 2014 kura ikapigwa tena, kikashinda tena. Alhamisi ya mwisho ya Septemba ndiyo siku yake, msimu ambao kondoo wameshuka milimani wakiwa wamenona majani ya kiangazi. Na mahitaji yake ni haya, yote yapo soko lolote kuanzia Lushoto hadi Limuru:

- nyama ya kondoo yenye mifupa, kilo 1.5
- kabichi, kilo 1.5
- pilipili manga nzima, vijiko 4 vya chai
- chumvi, vijiko 2 vya chai
- maji, mililita 300

Basi. Soma tena kama ulidhani nimesahau kitunguu.

Kata kabichi vipande vya kama mwezi mchanga, na ule moyo mgumu wa katikati uuache ili majani yasitawanyike. Chukua sufuria pana ya chini nzito. Panga nyama kwanza, upande wa mafuta uelekee chini. Juu yake kabichi, juu yake chumvi na pilipili manga, kisha nyama tena, kabichi tena, mpaka viishe. Sufuria itajaa mpaka juu na utaona maji hayatoshi. Yanatosha. Kabichi lina maji yake, litanywea na kuzama. Chemsha, funika vizuri, punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa, uache saa mbili na nusu. Usikoroge. Usifunue kila dakika kama anayechungulia mtoto aliyelala. Nyama ikiachia mfupa, tayari. Kwa mbuzi inawezekana, ila mbuzi mzee atataka saa nzima zaidi na hana mafuta yaleyale.

Wengine hunyunyiza unga wa ngano baina ya tabaka ili mchuzi uwe mzito. Familia hugombana kwa hilo. Mimi situmii, napenda ule mchuzi mwepesi unaonukia pilipili.

Dada yangu alipokuja kunitembelea aliangalia sufuria, akanihurumia, na nilipotoka dukani nikakuta ametia kitunguu saumu, tangawizi na nyanya tatu. Kilikuwa kitamu sana. Kilikuwa mchuzi wa kondoo wa Tanga wenye kabichi. Ukitaka kuonja kile cha Wanorwei, jizuie mara moja tu: mifupa, kabichi na pilipili vina ladha ambayo nyanya huizima, na ukiitafuta kwa utulivu utaitambua, ni ileile ya supu ya asubuhi kabla hujakamulia ndimu.

Pakua na viazi vya kuchemsha, na hili ni la lazima: pasha sahani moto kwanza. Mafuta ya kondoo huganda haraka kwenye sahani baridi, yanashika kinywani kama mshumaa. Zile punje za pilipili hazitafunwi, kila mtu hurundika zake ukingoni mwa sahani. Watoto wangu hushindana nani ana kilima kikubwa.

Ukialikwa kwa Mnorwei kula chakula hiki, vua viatu mlangoni kama ulivyofanya Osaka na kama unavyofanya kwenu. Fika saa uliyoambiwa, si nusu saa baadaye. Chakula cha jioni huku huliwa mapema, saa kumi na moja si ajabu. Ukimaliza, kabla hujainuka, sema "takk for maten", ahsante kwa chakula. Hili halina msamaha, hata mtoto wa miaka mitatu hulisema.

Pika sufuria kubwa kuliko walaji. Chakula kilale usiku mzima, na kesho yake ukipashe taratibu bila kuongeza maji; kabichi litakuwa limegeuka rangi ya hudhurungi na limelegea kabisa, na wenyeji watakuambia hapo ndipo linapokuwa tamu hasa. Mimi hula cha siku ya pili nikiwa nimesimama jikoni, kwa mkono, na wali.